Karatasi Ndani ya Kochi Jekundu

Baba yangu ni fundi makochi. Mtaani wanamwita Mzee Misumari. Akiwa kazini huweka misumari midogo mdomoni, kama kumi hivi, na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Misumari ikiwa mdomoni, haongei. Mteja akiuliza kitu, mimi ndiye ninayejibu.

Nilianza kumsaidia nikiwa darasa la tano. Mama alifariki mwaka huo, na ilibidi mtoto mmoja abaki nyumbani. Kaka alikuwa anafanya vizuri darasani kuliko mimi, basi nikabaki mimi. Kaka alisoma, akawa mwalimu, akahamia mji mwingine. Mimi nilijifunza kukata sponji, kufunga springi na kuvuta kitambaa hadi mkunjo wa mwisho uishe.

Kochi kuukuu halikosi kitu ndani. Tumeshakuta funguo, vijiko, hata meno ya bandia.

"Watu wanakalia mali zao bila kujua," Baba husema, kisha hucheka mwenyewe.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Siku moja alitema misumari yote kiganjani kabla kazi haijaisha. Nikajua kuna jambo.

"Chukua kalamu, mama," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Nataka kuandika wosia. Nisije nikafa mkabaki mnagombana."

Baba hajui kusoma. Alisema, nikaandika.

"Nyumba ni ya watoto wangu wawili. Karakana na vifaa vyake ni vya watoto wangu wawili."

Mstari wa kwanza niliuandika kama alivyosema. Kwenye wa pili mkono ulisita. Nilitazama vidole vyangu vilivyojaa makovu ya sindano. Nikamfikiria kaka, ambaye hajui hata nyundo inashikwaje. Nikaandika: "Karakana na vifaa vyake ni vya binti yangu."

"Hebu nisomee," Baba alisema.

Nilimsomea maneno yake, siyo niliyoyaandika.

Alipaka wino kwenye kidole gumba, akakibonyeza chini ya karatasi. Akaniambia nami niandike jina langu kama shahidi. Kisha akafungua mshono wa kochi jekundu lililo karibu na mlango, lile ambalo wateja hukaa wakisubiri. Akaiweka karatasi juu ya sponji, akashona tena.

"Hapo haufiki mkono wa mtu," alisema. "Labda wa fundi."

Tangu siku hiyo kochi lile lilikuwa na sauti. Mtu akikaa, karatasi inalia: kwaru, kwaru. Kila ilipolia uso wangu ulipata moto. Nilitandika blanketi juu yake, ikaendelea kulia. Nililisogeza kochi pembeni, wateja wakalirudisha mlangoni penye hewa. Usiku ningeweza kulifungua, sindano ninayo. Sikuthubutu. Baba angeujua mshono usio wake.

Asubuhi moja alikuja Mama Karani, jirani yetu. Alifanya kazi mahakamani miaka mingi, sasa amestaafu. Alikuja kuchukua stuli yake. Akakaa. Kwaru.

"Mzee Misumari, kochi lenu linanong'ona," alisema. "Au mnajaza magazeti, halafu mnatuambia ni sponji?"

Baba alicheka nusura ameze msumari. Akatema yote.

"Hayo si magazeti, shemeji. Umekalia wosia wangu."

Mama Karani aliinuka taratibu, akalitazama kochi. "Nani anajua kwamba umo humu?"

"Mimi na binti yangu."

"Na mwanao wa kiume?"

"Yuko mbali."

"Basi ukiondoka leo, kochi hili litauzwa na wosia utaenda nalo. Nani aliuandika?"

"Huyu hapa."

"Shahidi nani?"

"Huyo huyo."

"Naye anarithi?"

"Anarithi, ndiyo. Ni mwanangu."

Mama Karani alikaa kwenye stuli yake. "Sikiliza, shemeji. Anayerithi asiwe shahidi. Akishuhudia, anaweza kukosa hata kile ulichompa, na wosia wote unaweza kupingwa. Tafuta watu wazima wawili ambao hawapati kitu. Wakuone ukiweka kidole, nao watie sahihi mbele yako. Tarehe iandikwe. Na wewe usiyesoma, usomewe na mtu asiye na faida yoyote humo, na iandikwe kwamba ulisomewa ukaelewa. Hebu nipe niuone."

Baba alikata mshono kwa wembe. Akaitoa karatasi, akamkabidhi Mama Karani.

"Baba, ngoja kwanza," nilisema. "Sikuandika ulivyosema."

Nisijisifu hapa. Nilisema kwa sababu karatasi ilikuwa tayari mkononi mwa mtu anayejua kusoma.

Niliwaeleza yote. Mama Karani aliitazama karatasi, akaikunja bila kuisoma kwa sauti. Baba alikuwa ameshika misumari yake kiganjani. Hakuirudisha mdomoni.

"Nilikuwa nakutazama usoni ukinisomea," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

"Kaka alipata shule. Na mimi nilitaka kitu kimoja nisichogawana."

Aliitazama misumari kiganjani. "Ungeniambia hivyo siku ile, ningekusikia. Sasa nitauaminije mdomo wako?"

Nilitazama sakafu, na vipande vya kitambaa nilivyovikata mwenyewe.

"Bahati yenu mzee yu hai," Mama Karani alisema. "Wosia unaweza kubadilishwa wakati wowote, mradi mwenyewe ana akili timamu na halazimishwi. Huu uchanwe. Kwenye mpya iandikwe kwamba wa zamani umefutwa. Nitauliza na mahakamani, maana sheria zina tofauti, na dini na mila nazo zina utaratibu wake."

Baba alitoa simu, akampigia kaka, akanipa mimi. "Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi stuli tu siwezi kuitengeneza. Ungeniomba tu. Lakini umeniumiza."

Wiki iliyofuata Mama Karani alikuja na karatasi mpya. Mashahidi walikuwa kinyozi wa jirani na fundi wa kuchomelea mageti. Nikavuta kiti nikae.

"Toka nje kidogo, mama," Baba alisema.

Nilisimama nje ya mlango. Nilimsikia Mama Karani akimsomea polepole, naye akiitikia, lakini maneno sikuyapata. Walipomaliza, Baba aliniita na kunionyesha pa kuuliza siku ikifika. Nakala moja iko mahakamani, nyingine anayo Mama Karani. Yeye ndiye msimamizi wa wosia. Kaka naye aliambiwa siku hiyo hiyo kwa simu. Sote tunajua ulipo. Karakana amepewa nani, mpaka leo sijui, na sijauliza.

Kochi jekundu nililishona mimi. Sasa mtu akikaa, hakuna kinacholia.

Kwa muda mrefu Baba hakunipa kitu cha kumsomea. Bili ya umeme alimpelekea kinyozi. Barua ya mteja alimpa Mama Karani. Niliona, nikanyamaza. Ilikuwa haki yake.

Mwezi uliopita alirudi kutoka hospitali na karatasi ya daktari. Kinyozi alikuwa mlangoni, na Mama Karani alikuwa amekaa kwenye kochi jekundu. Baba aliwapita wote wawili, akaja hadi mezani kwangu.

"Nisomee, mama."

Nilifuta mikono, nikaipokea. Nilimsomea kila neno lililoandikwa, na yale yaliyonishinda nilimwambia yamenishinda.