Kutembea Bila Mzigo Kichwani

Asubuhi, kijijini Ozi, ukungu hulala juu ya mto kama mtoto aliyeshiba. Mwanamize husimama mlangoni, mtoto wake Tasnim begani, akiutazama. Ng'ambo liko shamba la mpunga alilopewa na mama yake. Zamani alivuka mwenyewe kwa mtumbwi. Siku hizi huvuka kwa macho tu.

Tangu kujifungua amenenepa sana. Arubaini yake ya uzazi ilikuwa ya uji wa samli na kulala. Mavyaa wake, Bi Tuneya, mama wa mumewe, alijivunia mkazamwana aliyenawiri. Arubaini ikaisha, mwaka ukapita, sahani haikupungua. Sasa hata akienda bombani hurudi akihema. Kliniki walimwambia presha imeanza kupanda, ale kwa kiasi na atembee.

Jioni moja mumewe, Harith, alimwambia kwa upole kwamba msimu wa kupanda unakaribia. Kama hataweza, shamba apewe binamu yao Chande alilime. Mwanamize akaenda kumlaza Tasnim. Alfajiri aliota yumo mtoni, kafi mkononi, maji yakifunguka mbele yake kama kanga mpya. Aliamka vidole vimekunjwa, kana kwamba kafi bado limo.

Siku hiyo alitoka kwa hamu kubwa. Akatembea mbio njia ya Kilelengwani, akarudi akichechemea. Lakini Ozi mwanamke hutembea na mzigo: ndoo, kuni au kapu. Kila aliyemwona mikono mitupu alimuuliza anakwenda wapi, naye akajibu anatembea tu. Magharibi haijaingia, uvumi ukafika nyumbani kwamba Harith amemwacha mkewe.

"Mwanangu ametoa talaka," Bi Tuneya akasema, akicheka, "na mimi sijapata hata chai ya kuagana?"

Kesho yake Mwanamize akajitwika beseni tupu ili watu wasiulize. Ikawa vibaya zaidi. Huyu akatia samaki awapitishe kwa rafiki yake Kanze, yule akatia nazi za shangazi yake. Alirudi shingo inamuuma. Hamu ikamwisha. Akakaa mkekani siku nyingi, akiingoja irudi.

Ndipo Laila, jirani yao na mhudumu wa afya ya jamii, alipopita kumpima Tasnim uzito. Mwanamize akamsimulia yote. Laila aliposikia habari ya beseni alicheka mpaka kanga ikamwanguka. Kisha akauliza:

"Sasa wangoja nini?"

"Hamu, dada. Siku ile nilikuwa nayo. Imeniacha."

"Nyinyi wakulima wa Ozi, mfereji mwauchimba lini? Maji yakishafika?"

"La, kabla. Maji yakikuta mfereji, huingia yenyewe shambani."

Hivyo ndivyo ilivyo huku. Bahari ikijaa huusukuma mto nyuma, na maji matamu hupanda mpaka kwenye mpunga. Siku za bamvua huja mengi. Siku za maji mafu huja kidogo.

"Basi hamu nayo ina bamvua na ina maji mafu," Laila akasema. "Usiingoje. Wewe chimba mfereji. Toka wakati uleule, njia ileile, upende usipende. Maji yakija, yakukute."

Akamweleza aanze kidogo, mpaka msikitini na kurudi, kila baada ya swala ya alasiri. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Akikosa siku moja asijilaumu, arudi njiani siku inayofuata. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikimshika, asimame, aende kliniki. Samli na sukari apunguze.

"Na maneno ya watu?" Mwanamize akauliza.

Laila akamgeukia Bi Tuneya. "Utatembea naye, mama. Nani atasema ameachwa, akiandamana na mavyaa wake?"

Bi Tuneya akanung'unika kwamba magoti yake ni ya kukalia, si ya kutembelea. Lakini akakubali. "Ila ukinikimbiza, nitakaa njiani nilie."

Wakaanza. Kulikuwa na alasiri za mvua, na alasiri ambazo Mwanamize hakutaka hata kuinuka. Hapo Bi Tuneya alisimama mlangoni akisema, "Mie nimeshavaa viatu." Mtoto alipougua wakaacha siku kadhaa, kisha wakarudi. Polepole msikiti ukawa karibu. Wakaupita, wakafika mwisho wa nyumba za kijiji, wakaingia kwenye njia ya mashamba yenye harufu ya tope na majani mabichi. Walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuambiana jikoni. Mwanamize akaanza kuisubiri alasiri. Kliniki walipompima tena, presha ilikuwa imeshuka.

Msimu ukafika. Asubuhi ya kwanza Harith aliangalia kama kuna viboko mtoni, akashika mtumbwi, akanyoosha mkono achukue kafi.

"Leo wewe abiria," Mwanamize akamwambia.

Akamvusha. Mikono ilimuuma, lakini pumzi ilikwenda sawa, ndani na nje, sawa na kafi. Ukungu ukafunguka, ukajifunga nyuma yao. Ng'ambo akashuka, akazamisha miguu katika tope la uvuguvugu. Maji yalikuwa yakiingia mferejini, kimya, yakimetameta.

Harith akaufunga mtumbwi. "Chande nimwambie nini?"

"Mwambie atafute shamba lingine," akasema, akiinama na mbegu. "Hili mwenyewe amekuja."