Kalenda ya Maua Meupe

Jumapili, tarehe 31 Agosti. Tangu asubuhi kuna upepo wa baridi, na vumbi la barabarani linaingia hadi kwenye cherehani.

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, fundi wa kushona hapa Misugusugu, Kibaha. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikiandika ovyo. Nitajitahidi nisimsingizie mtu.

Kwetu ni Kisarawe. Mwaka jana ulipokuwa unaisha nilitaka kuwapelekea wazazi wangu zawadi ya mkono wangu mwenyewe. Kwenye simu nikapata templeti za bure za kalenda... tarehe zimeshapangwa, wewe unaweka picha zako kwenye fremu na kuongeza mapambo. Nikachagua yenye maua meupe, njiwa na utepe wa dhahabu. Niliiona nzuri mno! Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, sikuhangaika nayo.

Kila mwezi niliuwekea picha ya mtu mmoja wa familia. Dada yangu Mwanaidi alikuja kunisaidia kuchagua. Yeye ndiye aliyesema, "Baba mweke Machi, ndio mwezi wake wa kugombana na shamba." Tulicheka sana siku ile.

Nikaenda kuchapisha steshenari ya Maili Moja kwenye karatasi ngumu. Nikatoboa matundu, nikafunga kwa utepe uliobaki kwenye gauni la harusi la mteja. Kalenda ndogo, inaenea kiganjani.

Baba aliipenda! Hakuna mgeni aliyeondoka pale nyumbani bila kuonyeshwa.

Machi ikafika, mvua zikaanza, na baba akaanguka shambani. Presha. Hatukumuwahi...

Ikatakiwa picha ya kutangaza msiba kwenye magrupu ya ukoo. Binamu yetu akaupiga picha ule ukurasa wa Machi, akazikata tarehe, akaandika jina la baba na Innalillahi. Basi! Hakuhitaji kuongeza kitu kingine. Maua yale, njiwa yule, utepe ule... si ndivyo tunavyotangaziana misiba siku hizi? Nilipoiona kwenye simu niliilaza kifudifudi. Mbona sikuligundua mapema? Au niliona nikapuuza? Mpaka leo sijui.

Aprili ulikuwa mwezi wa shangazi, dada yake baba. Hakupata hata mafua. Juni alikuwa mume wangu, akapata kazi ya kudumu kule Kwala, kwenye bandari kavu. Lakini Mei alikuwa baba mdogo, na Mei hiyo hiyo akateleza akishuka kwenye mnazi, akavunjika mguu. Watu wakaikamata Mei.

Julai niliitwa kikaoni Kisarawe. Mama alikuwa bado yumo kwenye eda, yuko chumbani, pazia limeshushwa.

"Wewe mtoto, nani alikutuma uwagawie watu miezi?" shangazi aliniuliza mbele ya watu wote. "Umempamba kaka yangu kama marehemu na huku angali anakula ugali wake!"

Nilitaka kumwambia kwamba Aprili yake ilipita salama. Nikaogopa... ningeonekana namwombea mabaya.

Nikamtazama dada Mwanaidi. Alikuwa amekaa na ungo, anachambua mchele. Nilingoja aseme neno moja tu, kwamba tulipanga wote. Akasema, "Mimi nilimwambia hayo maua siyo." Akaendelea kuchambua.

Niseme haki: hakudanganya. Kweli alitaka templeti yenye maputo. Na ukurasa wake ulikuwa bado unakuja, Septemba. Alikuwa anaogopa. Lakini uchungu nilioupata, jamani! Maana sasa neno lililokuwa halisemwi lilishaeleweka na wote pale: mchawi.

Shangazi akamalizia, "Mwezi wa nane ni wa mama yako. Usikanyage hapa mpaka uishe."

Pazia la mama halikusogea. Mama alisikia yote. Je, na yeye aliamini? Hilo ndilo lililonimaliza.

Agosti yote nilikuwa nikipiga simu ya mama, shangazi anapokea: "Mama yako amepumzika." Simu ikiita, mguu unaacha pedeli. Nikipewa kitambaa cheupe nakiweka chini ya vingine. Mara mbili nimemwona njiwa kwenye ukuta wa jirani, nikamfukuza kwa mawe kama mwendawazimu.

Leo mchana bodaboda ikasimama mbele ya kibanda changu. Mama! Eda imeisha, ana kifurushi cha kanga kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Mume ndiye kala chakula chote?"

Akafungua kifurushi, akaitoa kalenda, akaisimamisha juu ya cherehani. Picha yake anacheka, maua meupe yamemzunguka.

"Nimekuja kumalizia mwezi wangu kwako," akasema. "Shangazi yako kanuna. Muache anune, tangu naolewa pale ananuna. Baba yako alikuwa akiiangalia picha yake kila asubuhi, anasema mtoto kamrudishia ujana."

Nililia mpaka wateja wakaondoka.

Wenzangu, nawaomba. Msiba ukiingia nyumbani, msitafute mtu wa kumbebesha. Na wewe unayejua ukweli, usichambue mchele mwenzio akiangamia! Na kabla hujaipamba picha ya mzazi wako, muonyeshe mtu mzima umuulize anaionaje. Kuuliza tu kungeniokoa.

Lakini sitawadanganya kwamba nimepona. Kesho ni Septemba. Jioni hii nimempigia Mwanaidi, nikamsihi mwezi wake asipande bodaboda. Akaanza kulia, nikakata. Mama akaniuliza kwa nini nimemwambia hivyo. Nikainuka kwenda kuwasha moto.

Tumekula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, majani aliyachuma mama mwenyewe kwenye shamba la baba. Nilipika mimi, kwa mikono hii hii. Mama hakungoja nionje kwanza kutoa uchawi. Alikata tonge la kwanza akala, akasukuma bakuli niongeze. Mimi langu lilikuwa bado mkononi, namtazama anavyomeza.