Riziki na Ruzuku

Kila Jumanne Mwajabu alipika sabuni uani kwake, Kiwalani. Alichanganya mafuta ya nazi na magadi ya sabuni kwenye pipa, akakoroga mpaka mkono ukaomba msamaha. Ikiganda, aliikata miche, na mumewe Twalib akaipeleka sokoni Tandale. Kwa sabuni hiyo binti yao Nusaiba na wadogo zake walikula na kusoma.

Mwaka 1995 mambo yaligeuka. Kiwanda kimoja kilianza kuuza mche kwa nusu ya bei ya Mwajabu. Hata mashoga zake Mwajabu walipita mlangoni kwake wakitazama pembeni. Twalib alirudi na kapu limejaa vilevile kama alivyotoka nalo. Mwishowe wakakubaliana pipa liuzwe.

Jirani yao Felicitas, karani wa ofisi ya biashara mjini, alikuja kununua sabuni. Alilikuta pipa limeoshwa, linamsubiri mnunuzi. Akauliza kulikoni. Mwajabu akamweleza alivyosikia sokoni, kuwa kiwanda kile kinapewa ruzuku na serikali.

"Ndiyo riziki yao," alisema. "Mie nikilalamika, si nitaonekana nina husuda?"

Felicitas alicheka mpaka akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Mama Nusaiba, hayo ni maneno mawili. Riziki anatoa Mungu. Ruzuku inatoka kwenye kodi, na hata wewe ukinunua kanga unaichangia. Ya Mungu haihojiwi. Hii ina masharti."

Akamweleza polepole. Ruzuku si dhambi. Inaweza kutengeneza mashine au kufundisha wafanyakazi. Ila zamani ilitolewa kimyakimya. Sasa soko limefunguliwa na kanuni zinarekebishwa. Ruzuku itajwe hadharani, iwe na kazi maalumu na mwisho wake. Isitumike kuuza kwa hasara ili wengine wafunge biashara.

"Nani atamsikiliza mpika sabuni?" Mwajabu akauliza.

"Usiposema, watajuaje kama umeumia?"

Mwajabu akaiandikia barua ofisi ya biashara. Felicitas hakumwandikia, alimwonyesha tu cha kutaja: tarehe, bei, na lililotokea. Mwajabu akaifunga barua pamoja na mche mmoja wa kiwanda, akaeleza kwamba mafuta peke yake ya mche kama ule ni ghali kuliko mche wenyewe. Alipoitwa ofisini kujieleza, aliyasema yote. Pipa halikuuzwa, Twalib alimwambia mnunuzi asubiri.

Mnunuzi alisubiri miezi mitatu, kisha akachoka akaenda zake. Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Kiwanda kiliachiwa ruzuku ya kutengeneza mashine, kikakatazwa kuitumia kushusha bei. Mche wao ukapanda hadi bei yake halisi. Wateja wengine walibaki hukohuko, na ni haki yao. Lakini wengi walirudi, na mashoga wakaanza tena kusalimia kwa sauti kubwa.

Jumanne iliyofuata Mwajabu alikoroga huku machozi yakimtoka, na haukuwa moshi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Twalib, kisha sabuni ilipoganda akakata mche wa kwanza na kuupeleka kwa Felicitas. Jirani akaingiza mkono kwenye pochi.

"Rudisha, dada," Mwajabu alisema. "Leo siuzi."

"Unanigawia bure? Hiyo si ndiyo ruzuku yenyewe?"

"Hapana," Mwajabu akajibu, akimfumbata mkono juu ya mche. "Hiyo ni shukrani, na yenyewe haina masharti."