Kadi ya Chara na Moto wa Jumapili

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Mei, Ngumbao aliufikisha mtumbwi wake mlangoni mwa nyumba ya Bibi Nyale, kijijini Chara. Aliita mara tatu, kisha akavua kofia. Maji yalikuwa yameanza kushuka. Bibi Nyale, mwenye umri wa miaka sabini na minane na miguu iliyokwisha nguvu, alikuwa amelala kifudifudi kati ya kitanda na mlango. Alikuwa amekufa maji.

Hatua arobaini kutoka hapo, juu ya mlingoti wa chuma ukingoni mwa mto, sanduku la tahadhari lilikuwa halina hata mkwaruzo. King'ora chake hakikuwa kimelia.

Inspekta Zipporah Iha wa Garsen alifika saa tano kasorobo. Mvua haikuwa imenyesha Chara kwa siku tisa. Maji yale yalitoka bara, yakashuka kimya usiku, na kazi pekee ya sanduku ilikuwa kuwaamsha watu kabla hayajafika. Masanduku kumi na mawili ya aina hiyo yalisimama kando ya mto, kuanzia Ngao hadi karibu na Kipini. Kumi na moja yalilia.

"Afande, usihangaike sana," Ngumbao alisema. "Kila mtu anajua. Yule msichana wa karakana alichagua kompyuta ya polepole. Tulimwambia kwenye baraza, hakusikia."

"Msichana gani?"

"Nimo, binti Mukhtar. Ijumaa tunakaa kikao. Masanduku yote yatang'olewa, na yeye asikanyage hapa tena. Wengine wanasema na mengine, kwa kuwa ni mtoto wa wafugaji. Mimi sisemi."

"Umeshasema," Inspekta alimjibu. "Na wewe, nasikia, uligombana na watu wa karakana kwa ajili ya mlingoti huu."

"Waliuchimbia pale ninapofunga mtumbwi wangu! Niligomba, ndiyo. Lakini Bibi Nyale alikuwa akinipa asali kila msimu, afande. Kila msimu."

Inspekta alilifungua sanduku mbele ya mashahidi wawili. Kompyuta iliyomo iliundwa kwa vipande: ubao wa msingi, na juu yake kadi yenye prosesa, ubongo wa kompyuta, inayochomolewa na kubadilishwa kwa vidole viwili. Kadi ilikuwa imezamishwa katika nta ya nyuki ili unyevu usiingie. Nta hiyo ilikuwa imefifia kwa majivu, na ndani yake mlinaswa bawa moja la nyuki. Kwenye pembe ya kadi ilionekana nusu ya lebo ya manjano iliyochanika.

Saa nane na nusu mchana aliiweka kadi hiyo mezani, katika karakana ya Garsen yalikoundwa masanduku hayo, mbele ya Nimo Mukhtar. Msichana huyo, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Aliitazama bila kuigusa.

"Hii si kadi yangu."

"Nieleze yako ni ipi."

"Nilipima prosesa tatu kwa miezi minne. Ya kwanza haikuwa na maelezo ya kutosha. Ya pili ina kasi ya ajabu, lakini haiwaki bila programu ambayo kiwanda kimeifunga. Hakuna anayeruhusiwa kuisoma wala kuibadilisha. Ya tatu ni ya polepole. Inachukua sekunde arobaini kuamka. Lakini programu zake zote ni huria. Nimezisoma mstari kwa mstari, na mtoto yeyote wa Chara akitaka atazisoma. Nilichagua hiyo."

"Na hii iliyo mezani?"

"Ni ile ya pili. Na sisi huchuja nta yetu kwa kitambaa, Inspekta. Hatuachi mabawa ya nyuki."

Ubao wa msingi ulikuwa na saa na kumbukumbu yake. Waliisoma pamoja. Jumapili, tarehe ishirini na moja Aprili, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, kadi ilichomolewa. Saa kumi na dakika tano, kadi iliingizwa. Zilipita dakika hamsini na tatu. Jumatatu, siku moja kabla ya msiba, saa mbili usiku, mtandao ulipotea. Saa tisa na robo usiku huohuo, betri ilitetereka kwa sekunde mbili na kompyuta ikaanza upya. Kuanzia hapo mstari mmoja ulijirudia hadi asubuhi: kadi haijawa tayari.

"Ilikuwa ikingoja nini?"

"Ruhusa," Nimo alisema. "Ile programu iliyofungwa, kila ikiwaka, hukiuliza kiwanda kupitia mtandao kama inaruhusiwa kufanya kazi. Isipojibiwa, hungoja. Niliyaandika hayo katika ripoti yangu, ukurasa wa sita. Nilidhani siku moja tutakosa umeme au data. Sikudhani..."

Inspekta alifungua ukurasa mpya wa daftari lake.

"Jumapili hiyo ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Funguo za masanduku?"

"Ziko kwangu na kwa mwenzangu, Josiah Kalama. Inspekta, Bibi Nyale alikuwa nyanya yake. Ndiye aliyemlea."

Lebo ya manjano ilimfikisha Inspekta kwa Sadik, mzaliwa wa Kipini mwenye duka la kompyuta hapo Garsen.

"Lebo ni yangu, sikatai," Sadik alisema. "Nliwapelekea wale wa karakana sampuli mbili za kadi hii bure, wazione, waache ukaidi wao. Nkaziacha mezani pao."

"Ulikwenda Chara tarehe ishirini na moja?"

"Chara? Mimi na mbu wa Chara tuna ugomvi wa miaka, mwanangu!" Alicheka, kisha akakumbuka msiba na kuinamisha kichwa. "Mungu amrehemu yule mama."

"Kadi zako huzipaka nta?"

"Nta? Ya nini? Wallahi sijawahi kusikia."

Inspekta aliandika katika daftari lake kwamba aliyebadilisha kadi alikuwa na funguo na desturi ya karakana. Mgeni asingehangaika kuizamisha katika nta. Walibaki wawili.

Jumatano saa nne asubuhi alimkuta Josiah matangani, ameketi pembeni kwenye mkeka.

"Pole sana, mwanangu."

"Ahsante, Inspekta."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Nilikuja baada ya ibada. Tulikula wali wa Jumamosi, baridi, kama ilivyo kawaida yake. Bibi hakuwasha moto Jumapili. Ndivyo mama yake alivyofundishwa misheni huko Ngao, naye hakuacha."

"Ulifika kwenye sanduku?"

"Hapana."

"Nimo angeweza kulifungua?"

Josiah alizungusha uzi wa mkeka kidoleni.

"Ana funguo," alisema.

Inspekta alizunguka nyuma ya nyumba hadi jikoni. Mafiga yalikuwa yamezolewa na maji. Juu ya alama ya matope ukutani, kwenye msumari wa nguzo, lilining'inia kopo la bati. Ngumbao, aliyekuwa akipasua kuni za matanga, alimwona akiliteremsha.

"Hilo la kuyeyushia nta ya mizinga yake," alisema. "Mara ya mwisho kuliona motoni nilimtania. Nilikuwa napita, nikaona moshi, na ilikuwa Jumapili! Nikaita, 'Bibi Nyale, leo umeacha dini?' Akajibu kutoka ndani, 'Pita zako, Ngumbao! Nina mgeni, na Mungu anamjua.' Nikacheka hadi mtoni."

"Mgeni alikuwa nani?"

"Sikumwona. Lakini bibi yule alimkatalia chai hata mchungaji siku ya Jumapili. Angemwashia nani moto?"

Ndani ya kopo, katika nta iliyoganda pamoja na majivu, kulikuwa na nusu nyingine ya lebo ya manjano.

Alhamisi saa tatu asubuhi, Inspekta aliwaketisha Nimo na Josiah kwenye meza ya karakana. Aliweka kadi upande mmoja na kopo upande wa pili, kisha akaunganisha nusu mbili za lebo. Zilikutana bila pengo.

"Kadi hii ilizamishwa katika kopo hili, jikoni kwa Bibi Nyale, siku ya Jumapili," alisema. "Ngumbao aliuona moshi. Wewe, Josiah, uliniambia mlikula wali baridi, wala moto haukuwashwa. Sikuwa nimekuuliza habari ya moto. Kwa nini uliutaja?"

Josiah aliiondoa mikono yake mezani.

"Kwa sababu ulijua kwamba mtu yeyote wa Chara angekuamini."

Nimo aligeuka polepole. "Josiah. Sema si kweli."

"Alikuwa akinitania," Josiah alisema, akiliangalia kopo. "Tulipojaribu sanduku Machi, alihesabu zile sekunde arobaini kwa sauti. Akasema, 'Mjukuu wangu, mpaka hilo dude lako liamke, mimi nimeshaloa hadi kiunoni.' Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilijua miguu yake. Nikachukua sampuli moja, nikataka sanduku lake, hilo moja tu, liwe na haraka kuliko yote."

"Ripoti yangu uliisoma," Nimo alisema.

"Niliisoma. Nikaona ni woga wako tu. Mtandao wa Chara haukuwahi kukatika hata dakika tano."

"Na nta?" Inspekta aliuliza.

"Sikuwa nimebeba. Nilimwomba. Alisema ni Jumapili. Nikamwambia ni kwa ajili ya sanduku lake." Alilivuta kopo karibu. "Akapiga magoti, akawasha moto mwenyewe. Alikuwa akiupuliza na huku anaimba."

"Ukamwacha mwenzako asingiziwe siku mbili," Inspekta alisema.

"Ningesema nini? Ningesimama kaburini niwaambie kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeyeyusha ile nta?" Akamtazama Nimo kwa mara ya kwanza. "Nisamehe."

Nimo aliuziba uso wake kwa mtandio. Hakusema amesamehe, wala hakusema hapana.

Josiah aliandikisha taarifa kituoni siku hiyohiyo. Aliomba jambo moja kabla ya kupelekwa mahakamani, na Inspekta akamkubalia. Ijumaa alisimama mwenyewe mbele ya kikao cha Chara, akaeleza yote, pamoja na moto wa Jumapili. Hakuna aliyemzomea. Mama mmoja alianza kulia, wengine wakamfuata. Masanduku hayakung'olewa.

Baada ya kikao, Ngumbao alimwendea Nimo akiwa ameshika kofia mkononi. "Binti, nilisema maneno," alianza. Kisha akauinamia mkoba wa vifaa wa Nimo, akambebea hadi mtoni.

Nimo aliingiza kadi yake ya polepole, akaliwasha sanduku kwa majaribio, akasogea pembeni. Kijiji kizima kilisimama ukingoni. Pale ambapo Machi Bibi Nyale alihesabu kwa sauti na watu wakacheka, sasa palikuwa kimya, isipokuwa midomo ya Josiah iliyokuwa ikihesabu karibu na bega la Inspekta. Kumi. Ishirini. Thelathini. Alipofika arobaini, king'ora kililia, kikasikika hadi ng'ambo ya mto, na mlango wa nyumba iliyo hatua arobaini kutoka hapo ukabaki umefungwa.