Ganda la Kenkina

Giza lilikuwa linaingia Kadutu mama mkwe aliponituma nyuma ya nyumba, kwenye mti wetu wa kwinini.

"Laurette, kata ganda ya kenkina tutokoteshe. Homa ya Zagabe inapanda. Ukate upande moya tu, usizungushe!"

Kama sijui! Ganda ndilo linalopitisha chakula cha majani kwenda mizizini. Ukilivua kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Na chini ya mti huo ndipo mama mkwe alipozika kitovu cha Zagabe, bwana yangu, alipozaliwa.

Mti ule siupendi. Ornella, mke wake wa kwanza, ndiye aliyekuwa akiuvua ganda na kupaka udongo pale palipovuliwa. Amekufa, lakini kila jioni Zagabe anakaa pale, mgongo kwenye shina. Mimi napika, yeye anamkumbuka marehemu. Jamani!

Nilishuka na kisu.

Kwaruu... kwaruu...

Nikasimama. Harufu chungu ya ganda bichi. Na nyingine... mafuta ya Ornella, ambayo kopo lake nililitupa mwenyewe siku niliyoingia nyumba ile.

Mwanamke alikuwa amenipa mgongo. Alivua kwa kucha, akizunguka shina polepole. Maganda marefu yalimwangukia miguuni.

"Ni nani?"

Hakugeuka.

"Ulimuchunga muzuri, dada," akanong'ona. "Sasa unirudishie ye."

Niliogopa, sikatai. Lakini hilo "dada" lilinichoma zaidi.

"Iko bwana yangu!"

Nikarusha kisu. Kikagonga shina. Hapakuwa na mtu.

Nikapapasa. Shina lilikuwa uchi, limelowa, kuzunguka kote... karibu kote. Kilibaki kipande kimoja cha ganda, upana wa kidole. Nikakipaka udongo, nikakifunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikakimbilia ndani.

Mama mkwe alikuwa amemvua Zagabe shati ampanguse jasho. Kiunoni ngozi ilikuwa imetoka, imemzunguka mwili. Mgongoni tu ilibaki.

Upana wa kidole.

"Umefanya nini?" akaninong'oneza.

"Si miye, maman. Ni Ornella."

Akafanya alama ya msalaba.

Homa ilishuka. Kila asubuhi naupaka mti udongo, kisha namwosha Zagabe kidonda, namlisha uji kwa mkono wangu. Ganda jipya halijaota. Majani bado ni mabichi, lakini mama mkwe anasema majani yanadanganya. Mizizi ndiyo hatuioni.

Jana usiku alilala ameshika mkono wangu. Akatabasamu usingizini, akaita jina.

Si langu.

Leo jioni nimeshuka na udongo. Kisu nacho nimekichukua, sijui kwa nini. Nimefungua kitambaa. Nyuma yangu yananukia yale mafuta.

"Kata, dada. Hata we umechoka."

Nikikata, Zagabe atakuwa wake. Nisipokata, usiku atamwita tena.

Kisu kiko mkononi.