Wavu wa Amade Juu ya Banda

Mama yangu mdogo, Sumaia, alipigana na mwewe mchana na nguchiro alfajiri, na wote walikuwa wanamshinda. Kifaranga akianza kuota manyoya tu, kesho hayupo. Ilikuwa kiangazi hapa Quiterajo, kijijini kwetu pwani, nami nilimsaidia kuziba banda kwa vipande vya bati. Tunaziba huku, wanapita kule. Nilichoka mpaka nikawa natukana wanyama.

Kuku wale walikuwa wa hitima. Mumewe, Amade, alikwenda kuvua akapotea, wala mwili haukuonekana. Shehe aliposema kungoja kumetosha, mama mdogo akatenga kuku wa kulisha watu. Hakuwa na kitoweo kingine.

Nyuma ya nyumba ulitundikwa wavu mkuukuu wa Amade, wenye mafundo aliyoyafunga kwa mkono wake wa kushoto. Kwetu, wavu wa aliyepotea baharini hauguswi mpaka asomewe. Mama mdogo alilijua hilo. Lakini mwewe alipombeba mtetea mbele ya macho yake, aliushusha kwa hasira, akalifunika banda zima.

"Atakayenisema, alete bati!"

Mwewe akakoma. Nguchiro naye akakoma. Tukapanga hitima iwe Ijumaa.

Alhamisi asubuhi tuliwakuta kuku wamekufa. Hawakuwa na jeraha. Mlango ulikuwa umefungwa. Manyoya yalikuwa yamelowa chapachapa, na mvua hatukuiona tangu Ramadhani. Nililamba kidole. Chumvi.

Kibudu hakiliwi, hitima ikaahirishwa. Akafuga wengine. Siku ilipotajwa, wakafa, wamelowa vilevile. Mama mdogo alilia kwa ghadhabu zaidi kuliko huzuni.

"Shemeji, turudishe wavu baharini," alinong'ona Rafique, mdogo wake Amade. "Kaka hataki kusomewa."

"Hataki? Na mimi je? Mke si mke, mjane si mjane!"

Akafuga tena. Safari hii, kabla ya hitima, Rafique aliufungia wavu jiwe, tukauzamisha kwenye kina kirefu. Niliuona kwa macho yangu ukipotea.

Siku yenyewe watu walijaa uani, wali uko jikoni. Mama mdogo akanituma nikamate kuku. Nilifika bandani nikasimama.

Wavu ulikuwa juu ya banda. Ule ule. Unachuruzika maji. Palipochanika pote pameshonwa kwa uzi mpya, kwa mafundo ya kushoto. Ndani kuku wazima, wananitazama.

Mama mdogo akaja. Alilivuta fundo lililofunga wavu mlangoni. Akavuta tena. Halikulegea. Akachukua kisu, akakiweka chini.

"Haya, Amade," alisema polepole. "Umeshinda."

Watu walikula wali mkavu wakaenda zao. Hitima haijasomwa mpaka leo. Kuku wamezaana, mwewe hawasogei, na mama mdogo huwamwagia pumba kupitia matundu ya wavu.

Ni kiangazi tena. Wavu haujakauka.