Blanketi Juu ya Paneli za Mnara

Siku hiyo mjinga alikuwa Kathini, na hadi leo hakatai.

Kila Jumamosi mtaani Silanga kazi yake ilikuwa kufua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Lakini baridi ya Julai haina huruma: unaanika Jumamosi, Jumatatu unavaa sare mbichi. Ndipo alipoona paneli za sola za mnara wa simu, nyuma ya ua uliotoboka. Akapenya, akazigusa. Zina joto!

Akatandaza blanketi mbili. Na kwa kuwa uchoyo si tabia yake, akawaita majirani. Kufikia saa sita wapangaji wote wa ploti walikuwa wameanika pale: shuka, soksi, hata suruali za mzee Shivachi.

Saa nane mtandao ukapotea. Dadake, Ngina, akatoka mbio ameinua simu juu.

"Wale washonaji wa Riruta wananipigia saa tisa! Wasiponipata, kazi wanampa mwingine!"

"Kampuni za simu ni bure kabisa," Shivachi akafoka.

Fundi wa mnara, Amondi, akafika kwa pikipiki. Alitazama, akashika kiuno. "Nani amefungua soko la mitumba hapa?"

Kathini angeweza kujificha nyuma ya nguo za wengi. Lakini alimwona dadake akifuta machozi.

"Ni mimi nilianza, fundi. Nilidhani paneli hutumia joto, na zikifunikwa zitapata zaidi."

"Haki wewe! Paneli hula mwanga, si joto. Na kwa mawingu haya betri hazijajaa tangu juzi. Toeni, haraka!"

Wakazoa nguo kama watu walionyeshewa. Saa tisa na dakika tano simu ya Ngina ikalia. Kazi akapata.

Amondi akamshika Kathini bega. "Kuna vijiji Kitui havina stima, na minara yao inategemea jua tu. Watu huko huzilinda paneli kama mbuzi wao. Umesema ukweli mapema, ndiyo maana tumewahi. Siku nyingine, kabla ya kutumia kitu cha wote, uliza kwanza kina kazi gani."

Shivachi, suruali mbichi begani, hakuridhika. "Lakini jua ni la Mungu! Hata nyinyi hamlilipii!"

"Jua ni la Mungu, mzee," Amondi akajibu. "Kivuli cha suruali ndicho chako."